Karatasi Arobaini, Jibu Moja

Mie darasa la saba sikumaliza, na kiwanda changu cha ndoo na mabeseni pale Kiwalani nimekisimamisha kwa mikono hii. Wenye digrii wananiombaga kazi. Nasema kwa sababu ni kweli.

Mwaka juzi mteja mmoja mkubwa alitaka, kabla ya kununua, mtu aje apime namna tunavyoishi kazini. Akaja dada mpole na rundo la karatasi za maswali. Kila mfanyakazi ajaze, jina asiandike. Nilimwambia asipoteze wino, hapa kwangu ni familia. Ila pembeni nikamwambia fundi mkuu, yule tuliyebebaga naye saruji kule Wazo ujanani, ahakikishe watu wanajaza vizuri.

Baada ya wiki dada akarudi. Nikamwagizia soda, nikasubiri sifa. Akanionyesha swali moja: ukiona bosi kakosea, unamwambia? Karatasi zote arobaini zilijibu, neno kwa neno: ndiyo, bosi wetu anatusikiliza sana.

“Mzee, watu arobaini hawafanani hivi,” akasema.

Ndoo mteja angenunua tu, akanitoa wasiwasi, hazina kasoro. Lakini kuhusu namna tunavyoishi, yeye hakuwa na alichopima.

Nilicheka mpaka alipotoka getini. Kisha nikamwita fundi. Akakiri kwamba jibu aliliandika yeye ubaoni, wenzake wakanakili, si nilitaka wajaze vizuri? Nikamuuliza, peke yake angeandika nini. Akarudishia mlango kwanza.

“Bosi, yule wa mashine ya pili alikwambia joto linaumiza watu. Ukamwambia akatafute kazi kiwanda cha barafu. Mie nina watoto.”

Ni kweli nilimwambia hivyo, mbele ya wote. Walicheka, nami nikajiona hodari wa utani. Jamaa alivua ovaroli siku ileile, hakurudi.

Mchana huo sikula ofisini. Nilikwenda nyuma ya stoo, ambako wafanyakazi hula sita sita kwenye sinia moja. Kicheko chao nilikisikia tangu mlangoni, nilipotokea kikakatika. Mmoja akakimbilia kiti, nikakikataa. Nikanawa, nikachuchumaa kati yao, sinia moja na fundi, nikawaambia yule wa mashine ya pili nilimkosea, na anayejua anapoishi anielekeze.

Wakatazamana.

“Hatupajui, bosi,” akajibu fundi, ambaye najua fika yeye na jamaa walikuwa majirani.

Nikamega tonge, nikachovya kwenye mchuzi wa dagaa. Nao wakamega, kila mtu tonge moja dogo, kisha mmoja akasema ameshiba, akanyanyuka. Akafuata mwingine. Fundi alikuwa wa mwisho.

“Karibu, bosi,” akasema, akaenda kunawa.

Ugali uliobaki ungewatosha watu watano. Nikaendelea kula taratibu, maana wote walikuwa wamesimama kule bombani wakinitazama, na sikujua nikinyanyuka niende upande gani.