Karatasi Iliyobaki Kiondoni

Kiondo changu kinaning'inia jikoni, kwenye msumari kando ya friji, na kina kazi mbili. Jumapili alasiri, watu wa ushirika wa nyumbani wanapokutana hapa kwetu Alief, mtaa wa Houston, kinazungushwa kukusanya maombi. Unaandika haja yako kwenye karatasi, huweki jina, unakunja, unatumbukiza. Kisha kila mtu anachomoa moja na kuisoma kwa sauti, na ile aliyoichomoa inakuwa yake. Ataiombea wiki nzima bila kuuliza ni ya nani. Jumamosi kiondo hichohicho kinakusanya bastola. Bastola za karatasi, usishtuke.

Mimi ni muuguzi, Mkenya, watoto wangu wawili wamekua na kuhama, na napenda bastola za silinda, zile ndogo za kuingia mfuko wa koti. Miaka sita iliyopita wenzangu wawili wa wodini, vijana wa kwetu, walinipeleka uwanja wa kulenga shabaha kule Stafford baada ya shifti mbaya, ati nikapumue. Nilienda kuwaridhisha tu. Nikafyatua mara tano, nikafungua silinda, maganda yakaniangukia kiganjani yakiwa bado na joto, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo sikuwa nasikia kengele ya mgonjwa yeyote kichwani. Basi nikanunua yangu. Inakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na mume wangu hupita hapo kama mtu anayempita mbwa wa jirani. "Huo ni ugonjwa wako," huniambia. "Wangu ni mpira."

Wa nne wetu wa Jumamosi ni fundi, ambaye yeye na mke wake ni wa ushirika wetu pia. Kwao Bukavu alikuwa akitengeneza saa, na sasa anapanga maboksi ghalani kama Wakongomani wenzake wengi hapa Houston. Kufyatua hakumshughulishi sana. Anachopenda ni vile silinda inavyozunguka na kusimama palepale panapotakiwa. Siku moja tukiwa kwangu tunakunywa chai baada ya uwanjani, akalalamika kwamba viwanda vinaunda bastola ndogo kila mwaka na hakuna anayetuuliza sisi. Nikamuuliza, wewe ungeulizwa ungetaka nini? Akaanza kueleza, hamalizi. Nikachukua kiondo, nikagawa karatasi, nikawaambia waandike kama wanavyoandika Jumapili, bila jina, halafu tusome tuone kama tutajuana.

Tulijuana mara moja, na tukaendelea kufanya hivyo kila Jumamosi. Kijana mmoja alitaka risasi kubwa za magnum kwenye bastola ya kutosha kiganja. Tulimwambia atafyatua mara moja, kisha aje wodini tumfunge mkono. Mwenzake alitaka ya milimita tisa, ila isiwe na kile kibati cha kushikanisha risasi ambacho yeye hukipoteza kila mara. Fundi alitaka chuma cha pua kizito, maana bastola nyepesi, alisema, humpiga mwenye nayo. Mimi niliandika jambo lilelile kila wiki: kipimo cha 32, kwa sababu risasi zake ni nyembamba na silinda ndogo inaweza kubeba sita badala ya tano. Walinicheka. Waliiita bastola ya bibi arusi. Niliwajibu kwamba bibi arusi huyo ndiye anayewashinda shabaha.

Halafu mikono yangu ikaanza kunisaliti.

Ilikuwa majira ya baridi yaliyopita. Asubuhi vidole vilikuwa havikunjiki hadi nivilowanishe kwa maji ya moto. Nikasema ni kiyoyozi cha wodini. Baadaye vikaanza kuvimba kwenye viungo, na nikajua ni nini, kwani mimi ni nani nisijue baridi yabisi? Nimewaambia mamia ya wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nimewaambia huku nimeshika kiuno. Lakini yangu nikaificha. Nilijua ningeondolewa kando ya kitanda cha mgonjwa nikapewa dawati, na mimi bila kazi ya kumshika mgonjwa sijui niwe nani. Kwa hiyo nilijifunza kufungua chupa za dawa kwa kutumia kitambaa. Nilibadilisha vifungo vya mashati yangu nikaweka zipu. Na Jumapili, ilipofika sala ya kufunga, ambapo watu wote hushikana mikono, mimi nilikuwa jikoni. Mtu akinibana vidole ningelia mbele za watu. Nilisema chai inataka kumwagika, na kwa miezi kadhaa chai hiyo haikuacha kutaka kumwagika.

Uwanjani ndipo palipokuwa pagumu kudanganya. Kuivuta triga ya bastola ndogo kunataka nguvu, hakuna utani hapo. Risasi zangu zilianza kutoboa pembeni mwa karatasi, kisha nje ya karatasi kabisa. Vijana wakasema macho yangu yamezeeka, nami nikawaacha wayalaumu macho. Fundi hakuyaangalia macho. Alikuwa anaangalia kidole changu.

Jumamosi moja tukaandika kama kawaida. Sijui nini kilinipata siku hiyo. Pengine kwa sababu karatasi haina jina, au nilikuwa nimechoka tu kusema uongo. Niliandika polepole, mwandiko ukienda upande kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Kabla hatujachomoa hata moja, simu zote zikalia pamoja kutoa onyo la mafuriko. Anayekaa Houston haibishii simu hiyo. Wakanyanyuka, wakaondoka na magari yao kabla barabara hazijajaa maji. Mimi nikakung'uta kiondo juu ya ndoo ya taka, zikaanguka karatasi, sikuzihesabu. Kiondo cha katani kina mikunjo chini. Mwanamke aliyezaliwa na msusi wa viondo angejua kutia mkono, na mimi mama yangu alisuka viondo maisha yake yote. Sikutia mkono kwa sababu vidole viliniuma.

Kesho yake jua liliwaka, watu wakaja. Kiondo kikazunguka, watu wakachomoa. Mke wa fundi akatia mkono wake hadi chini, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akakifungua, akavaa miwani.

"Bandugu," akasema, akianza kucheka, "hii si ya Mungu. Hii ni ya batu ba Jumamosi."

Chumba kizima kikacheka. Mume wangu alicheka kuliko wote, akapiga goti lake kwa kiganja. "Soma, mama," akamwambia, "tusikie wanaomba nini."

Nilitaka kuinuka. Nilikuwa na kikombe cha maji, nimekishika kwa mikono miwili kama nilivyozoea siku hizo, na nikashindwa kukiweka chini. Akasoma.

"Kipimo cha 32. Sita badala ya tano." Kicheko. "Mtutu inchi tatu. Isiwe nyepesi sana, irudi taratibu mkononi." Kicheko kidogo. "Mpini uwe mnene, kwa sababu kidole changu cha mwisho hakikunjiki tena."  Akaendelea kwa sauti ya chini. "Triga ivutwe na mtu asiye na nguvu. Hata asubuhi. Hata siku ambazo siwezi kufunga kifungo. Nataka kufanya jambo moja kwa mkono huu bila kufikiria."

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake. Mke wake akavua miwani, akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kifuani.

"Nimeitoa mimi," akasema. "Ni ya kwangu sasa. Bastola siiombei. Nitaombea huu mukono."

Akaomba papo hapo, kwa Kiswahili chao cha Bukavu na Kifaransa kidogo, na hakuangalia upande wangu hata mara moja. Kawaida yetu ni hiyo, huulizi ni ya nani. Lakini nilipofumbua macho nilimkuta mume wangu ananitazama. Alikuwa anatazama kikombe, na mikono yangu miwili iliyokizunguka, na vifundo vilivyovimba ambavyo nilivificha chini ya blanketi na ndani ya mifuko kwa miezi kadhaa nikidhani nina akili. Ilipofika sala ya kufunga nilikimbilia jikoni.

Watu walipoondoka alinifuata. Nilikuwa naosha vikombe, nimempa mgongo, nimeshajiandaa kwa ugomvi, maana mimi nikiona aibu hugeuka mkali. Nilitayarisha maneno. Ningemwambia ni mwili wangu, na kazi ni yangu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu baridi."

 Akachukua kitambaa akaanza kufuta vikombe, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu wa ajabu.

"Ulikuwa unanishika mkono kanisani," akasema. "Ukaacha. Kwenye gari ukaacha. Jumapili tukisimama kufunga, unaenda jikoni. Mimi nikajiambia, huyu mama amenichoka, anangoja tu namna ya kuniambia."

Yale maneno niliyoyatayarisha yalipotea yote. Miezi yote hiyo nililinda kazi, nililinda jina langu wodini, na sikuona kwamba ndani ya nyumba yangu kuna mtu anayehesabu mara ngapi sijamgusa. Nililia, na nilikuwa na hasira nikilia, hasira juu yangu mwenyewe. Sijamchoka. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia tena, kwa sababu mara ya kwanza haikutoka vizuri.

Jumatatu nilimwambia msimamizi wangu. Nikapata daktari, nikapata dawa, nikapata na lile dawati nililoliogopa, siku tatu kwa wiki. Siku mbili zilizobaki bado nipo kando ya vitanda vya wagonjwa, na mwenzangu hunifungulia chupa. Bastola ya ndoto yangu hakuna kiwanda kilichoiunda. Fundi anasema wakichelewa sana atatafuta chuma aiunde mwenyewe, na mke wake anamwambia athubutu.

Jumapili iliyofuata, watu waliposimama kufunga, sikuenda jikoni. Mume wangu alinyoosha mkono, kiganja juu, wazi kabisa, akangoja. Niliweka wangu juu yake. Hakuubana. Sala ilikuwa ndefu siku hiyo, na tulisikia wote chai ikichemka, ikipanda, ikimwagika kwenye jiko, na hakuna aliyetoka kwenda kuiepua.