Turbo ya Mtani Wangu Masanja

Alhamisi, tarehe 16 Aprili. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Mlima umejifunika mawingu mpaka kiunoni, na barabara yetu ya Kihonda ni tope tupu.

Mwanangu Tatu, leo umeondoka kwenda kazini bila kumaliza chai. Jana uliniambia kwamba lile gari la michezo la zamani lenye turbo, lililoletwa gerejini kwenu, wamempa mwenzako Hamisi, na wewe umeachiwa breki za mabasi. Ulisema kwa sauti ya kawaida, lakini ulikuwa unauma kucha. Sikukujibu. Mimi kwa mdomo si hodari, na kwa kalamu ndiyo kabisa, maana elimu yangu ni darasa la saba, na hilo nalo nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini nitaandika hapa, nawe utasoma ukipenda.

Iko siku moja ninayoikumbuka bila kupenda kuikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi katika gereji ya Mzee Kibwana hapa hapa mjini. Malori ya mboga yanayoshuka kutoka Mgeta yalikuwa yangu. Lori likikosa nguvu mlimani na kuanza kutoa moshi, dereva haulizi mwenye gereji yuko wapi, anauliza, "Rajabu yupo?" Turbo za malori nilizijua vizuri. Wewe unajua turbo ni nini, ila naandika kwa ajili ya mama yako naye, maana husoma daftari hili nikilala. Ni kidude cha chuma chenye umbo la konokono, kinazungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie injini hewa. Kinazunguka kwa kasi isiyoonekana kwa macho, na uhai wake ni oili inayopita kwenye kitundu chembamba kama unyasi. Kitundu kikiziba, kidude kimekufa.

Basi likaja gari jekundu la Kijapani, milango miwili, taa za mbele zinazochomoza na kuzama kama macho ya chura. Jicho moja lilikuwa halifunguki. Mwenyewe ni Bwana Simoni, bwana shamba aliyekuwa akifanya kazi huko juu Mgeta. Gari lilikuwa la kaka yake, marehemu, na alimwambia kila mtu pale gerejini kwamba hataliuza mpaka naye azikwe. Alitaka liweze kupanda mlima na kumfikisha kazini. Tukacheka wote. Gari lile tumbo lilikuwa karibu liguse lami, na barabara ya Mgeta ni mawe.

Nilikwisha kunawa mikono, nikijua nitaitwa mimi. Mzee Kibwana akamwita Masanja.

Masanja alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu basi, kama unavyojua sisi Waluguru na wao. Tulitukanana kuanzia asubuhi mpaka jioni na hatukuwahi kununiana. Yeye ananiita mtumwa wangu, mimi namwita mbeba mizigo. Ukinikuta sina chakula, nusu ya chakula chake ni changu, naichukua bila kuomba. Sijui kama nilikuwa na rafiki mwingine kuliko yeye. Lakini siku ile aliposhika ufunguo wa lile gari jekundu, kitu kilinikaa hapa kifuani kama mfupa wa samaki.

Lazima niseme haki. Chanda chema huvikwa pete, na Mzee Kibwana hakukosea. Mimi nilikuwa na nguvu na haraka. Masanja alikuwa na mkono wa mshona nguo. Aliifungua turbo ile, akaiosha kwa mafuta ya taa, akapanga kila boliti juu ya gazeti kwa mpangilio iliyotoka nao. Alitia vipande vya chuma juu ya springi ili gari linyanyuke, akachonga bamba la kulinda chini ya injini kutoka kwenye mlango wa lori bovu. Hata lile jicho la chura alilifungua. Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu. Nimeliandika hilo sasa, lakini wakati ule nilikuwa nikipita karibu na gari namtafutia kosa, kila siku, na kila siku nalikosa. Wivu, mwanangu, hauchoki kama miguu inavyochoka.

Siku ya mwisho nikalipata.

Gasketi ndogo, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, ya pale bomba la oili linapoingia kwenye turbo, ilichanika wakati wa kufunga. Bwana Simoni alikuwa amekwisha kufika na koti lake, anangoja. Masanja akachukua silikoni nyekundu, ile gundi ya gasketi, akapaka, akafunga. Nilikuwa kwenye lori la pili, hatua tano hivi. Nikaona silikoni imefinywa ikatokeza pembeni kama mnyoo. Ikitokeza nje namna ile, ndani nako imetokeza. Kipande kitakatika, kitachukuliwa na oili mpaka kwenye kile kitundu. Nilijua kwa sababu nilikwisha kuiua turbo ya lori kwa kosa hilo hilo, na Mzee Kibwana alinifundisha kwa maneno ambayo siyaandiki. Masanja hakuwepo mwaka ule. Yeye hakujua.

Nilikuwa na nafasi ya kwenda hatua tano na kumwambia. Badala yake nilisimama palepale, nikapaza sauti gereji nzima isikie: "Wewe mbeba mizigo, hilo gari umelinywesha uji. Litapaliwa Mgeta. Chukua na sanda kabisa."

Watu wakacheka. Masanja akajibu bila kuinua kichwa, "Nyamaza, mtumwa wangu. Kwenu mnapanda punda, tena wa kuazima."

Wakacheka zaidi. Lakini nikaona mkono wake umesita juu ya boliti. Akaja karibu na lori langu, akauliza kwa sauti ya chini, ya kwake yeye na mimi:

"Rajabu, ni utani au kuna kitu umeona?"

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Mjinga alikuwa mimi niliyeulizwa. Nikamwambia, "Lini mtani alikuambia kweli?" Nikacheka. Naye akacheka, akarudi kufunga boneti.

Hapo ndipo penyewe. Mengine yote ni mkia.

Mzee Kibwana akaamuru nami niende katika safari ya majaribio, kwa kuwa njia ile ni ya kwetu. Nikakunjwa kiti cha nyuma, magoti masikioni. Tuliposhika barabara kubwa Masanja akakanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi, na kiti kikanisukuma mgongo. Bwana Simoni aliyekaa kushoto akafumba macho. Akasema mluzi ni ule ule, ndivyo kaka yake alivyokuwa akirudi nyumbani. Niliuonea wivu hata ule mluzi. Nilikaa nyuma pale nikiomba gari life na nikiomba lisife, kwa pumzi moja. Sijui Mungu alisikia ombi lipi.

Tukaacha lami pale Sangasanga, tukaanza kupanda. Lile bamba la chini likakwaruza mawe lakini likashika. Karibu na Langali mluzi ukabadilika, ukawa kilio chembamba, kisha kikakatika. Gari likalegea, moshi wa buluu ukajaa nyuma yetu mpaka akina mama waliokuwa wakishuka na kabichi kichwani hawakuonekana. Nikamsikia mmoja akisema kutoka ndani ya moshi, "Jamani, hawa wanachoma mkaa humo humo wanamokaa?"

Masanja alifungua boneti, akangoja chuma kipoe, akafungua bomba la oili. Kwenye kitundu palikuwa na kipande cha silikoni nyekundu, kidogo kama punje ya mchele. Mhimili wa turbo ulikuwa umekatika. Akakiweka kile kipande kiganjani, akakitazama muda mrefu.

Bwana Simoni hakugomba. Alikwenda kukaa juu ya jiwe, akatugeuzia mgongo. Mabega yake ndiyo yaliyosema.

Masanja akamfuata. "Kosa ni langu, bosi," akasema. "Huyu mwenzangu aliniambia. Mimi nikadhani ananitania."

Bwana Simoni akageuka akanitazama, akasema kumbe fundi nilikuwa mimi, na kwamba gari likirudi mjini litakuwa mikononi mwangu. Mwanangu, sikusahihisha. Tena moyo wangu ulifurahi. Ninaliandika neno hili polepole maana ni kweli: ulifurahi.

Bwana Simoni akaondoka kwa miguu kwenda kazini kwake. Sisi wawili tukasukuma gari mpaka kwa mjomba wangu, Mzee Mkude, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya barabara hiyo. Mjomba alikuwa mtani wa watu wote. Msiba ukitokea kwa Wanyamwezi wa mjini, yeye ndiye aliyeshuka kwenda kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chake. Alipomwona Masanja akamuuliza kama siku hizi wamechoka kubeba pembe za ndovu wakaanza kubeba magari. Masanja alicheka, kisha akamweleza yote, na jinsi nilivyomwonya.

Mjomba hakucheka tena. Akaniita niende naye bustanini kumsaidia kuchuma figili. Tulipofika hakuchuma kitu.

"Alipokuuliza, ulimjibu nini?"

Nilidhani nitamdanganya. Lakini kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, kwake hupindishi. Nikamwambia.

Akasema, "Ndugu yako hawezi kukuambia kwamba wewe ni mlafi, au mchafu, au mwoga. Ataona haya. Mtani ndiye anayekuambia, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ndiyo maana wazee waliuweka utani, uwe mlango wa kuingizia ukweli. Wewe umeufanya stoo ya kuufichia. Sasa huyo kijana atamsikiliza nani?"

Akanishika bega, si kwa nguvu. Akasema chakula hakitaiva mpaka niwe nimesema.

Nilirudi. Masanja alikuwa anafuta mikono kwa jani la mgomba. Nikamwambia niliona tangu mwanzo, nikajua, na alipouliza nilicheka kwa makusudi kwa sababu gari lilikuwa lake na si langu. Sikupamba. Nilitegemea anitukane, nilimtayarishia na kifua.

Akasema tu, "Nilikuuliza."

Kisha akaendelea kufuta mikono, ingawa ilikuwa imekwisha kutakata.

Gari tulilishusha siku ya pili, likiwa limefungwa nyuma ya lori la kabichi. Nilimweleza Mzee Kibwana yote mbele ya Bwana Simoni, na kazi ikabaki kwa Masanja. Alitafuta turbo nyingine Dar, ya gari lililogongwa. Akakata gasketi kwa mkasi kwenye karatasi yake, mara tatu, mpaka ikakaa. Alimfundisha Bwana Simoni kwamba akimaliza kupanda mlima asizime injini papo hapo, aiache ingurume kidogo turbo ipoe. Gari likapanda Mgeta likarudi, miaka na miaka. Nikilisikia kwa mbali, ule mfupa wa samaki ulinigusa, na sitakuwa mkweli nikisema umetoka. Wiki iliyopita nilisikia mluzi wa namna ile barabarani nikaacha chai ikapoa.

Nimejaribu kuyapima makosa kwa haki. La silikoni lilikuwa lake, naye alilibeba siku ile ile. La kucheka lilikuwa langu. Sijaona namna ya kulipunguza.

Masanja alinisamehe, kama kusamehe ni kutokulipiza. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili mingine. Akaniazima spana, nikamwazima jeki. Lakini hakuniita mtumwa wake tena. Aliniita ndugu Rajabu. Asubuhi, "Habari za nyumbani, ndugu Rajabu." Ukimega chakula chake, anakusogezea sahani kwa adabu kama mgeni.

Mwaka uliofuata bibi yako, mama yangu, alifariki. Watani walikuja, Wanyamwezi wa mjini, wakafanya yao: mmoja akavaa kanga ya marehemu akaiga mwendo wake, mwingine akadai jembe. Watu walilia huku wanacheka. Masanja alichimba kaburi tangu asubuhi. Nilikuwa nimesimama pembeni namngoja. Nilitaka aniambie lolote, kwamba nalia kama mbuzi, kwamba mama amepumzika kuniona. Akatoka shimoni, akajipangusa udongo, akanipa mkono.

"Pole sana, ndugu Rajabu," akasema, akapita.

Baadaye alihamia Turiani kutengeneza matrekta, na huko ndiko alikooa.

Mwanangu, wivu sikukatazi. Sijui kama unakatazika, mimi sikuweza. Uone Hamisi akifungua lile gari na roho ikuume, iume tu, kisha ufanye breki zako vizuri, maana basi lina watu. Lakini akikuuliza, mjibu. Asipouliza nawe umeona kosa, mwite pembeni, mwambie kwa jina lake, na kwa sauti ya kazi, si ya mzaha. Usiseme ukweli kwa namna ambayo umekwisha kuhakikisha hautasikika, halafu ukajiambia kwamba ulisema. Turbo hupatikana nyingine. Mtu wa kukutukana kwa upendo, mimi sijampata mwingine.

Mungu akupe mkono mtulivu na jicho linaloona, na akiliongoza jicho lako kwenye kosa la mwenzako, aufungue na ulimi wako. Akulinde barabarani na chini ya magari. Amina.

Jioni tumekula ugali, kisamvu cha nazi na dagaa wa kukaanga. Hujarudi bado, mama yako amekufunikia sahani.