Chakula cha Gari

Kabla hujanicheka, kumbuka kwamba sikuwa peke yangu. Karibu kijiji kizima kiliamini kwamba lori letu linakula. Sisemi dizeli, dizeli tuliihesabu kuwa maji yake ya kunywa. Nasema kula hasa: mayai, karanga, matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani. Watoto wenzangu walikwenda mbali zaidi. Walisema lori hilo ndilo lililozaa Landrova ya Bwana Shamba, na kwamba ukisimama mbele yao utaona wamefanana macho. Nililiamini hilo kwa moyo wangu wote. Mpaka leo, mtu mzima na mvi zangu, na cheti cha shule ya usiku nimekitundika ukutani, nikipita mahali gari limechemsha na ile harufu ya mvuke wenye kutu ikanipiga puani, huwa nawaza kwanza kama limepewa chochote asubuhi.

Kijiji chetu kilikuwa njia ya kwenda Urambo, kimoja kati ya vile tulimokusanywa wakati wa Ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi kwenye gwaride. Barabara ilipita palepale walipopita wapagazi wa misafara ya zamani, na Bibi, mama yake Baba, alikuwa mjukuu wa mpagazi. Kwa maelezo yake, babu huyo alibeba pembe za ndovu hadi pwani, na siku nyingine alimbeba na ndovu mwenyewe. Kutia chumvi ni ugonjwa wa ukoo wetu, nivumilie. Ila msemo mmoja wa wapagazi Bibi aliutunza bila kuutia chumvi hata punje: mzigo hubebwa na tumbo, bega ni pa kuegemeza tu.

Baba alikuwa dereva wa lori la kijiji. Utingo wake, kijana aitwaye Maganga, ndiye aliyetuletea habari ile. Alisimulia kwamba dereva mmoja wa Nzega, rejeta yake ilipotoboka porini, alivunja mayai akayamimina ndani pamoja na konzi ya unga. Tundu likaziba, akafika salama. Habari ilipotoka kwa Maganga ilikuwa kifaranga. Ilipofika kisimani ilikuwa mbuzi, na ilipotoka kisimani ilikuwa ng'ombe mwenye pembe: magari yote yanakula, na lisilolishwa hugoma.

Bibi aliisikia, akatikisa kichwa kwa heshima. Kesho yake Baba alipokuwa anajiandaa kuondoka, akaniita jikoni na kunikabidhi kifurushi cha kaniki kilichofungwa fundo.

“Mpelekee baba yako. Mwambie ni cha gari.”

Tangu siku hiyo nikawa mpishi msaidizi wa lori, cheo ambacho sijapata kikubwa kuliko hicho. Kila safari nilipeleka kifurushi, na Baba alikipokea kwa mikono miwili, akakisukuma chini ya kiti, akasema ahsante kwa niaba ya gari. Sikuwahi kuonja hata karanga moja. Nani anathubutu kula chakula cha lori?

Na mwaka wenyewe haukuwa wa kuchezea chakula. Mvua zilikuwa zimetupa kisogo. Watoto tulikula sahani moja na Baba. Alimega tonge, akamega la pili, akanawa mikono na kutuambia ameshiba vumbi la barabara. Tulicheka, tukaivuta sahani kwetu. Mimi nilidhani vumbi hushibisha kweli, maana Baba alirudi nalo hadi kwenye kope.

Basi siku moja lori likaingia kijijini likichemka. Mvuke ulipanda mpaka tai wakabadilisha njia. Maji yalichuruzika nyuma ya feni, na feni yenyewe ilicheza kama jino la mzee. Baba alizima injini, akakaa ndani ya kibini muda mrefu bila kushuka. Ghala lilikuwa limejaa robota za tumbaku zinazosubiri kwenda Urambo, na kwa ukorofi wa mbingu, mawingu tuliyoyaomba msimu mzima yakaanza kukusanyika wiki hiyohiyo. Tumbaku ikilowa, jasho la kijiji limekwenda na maji.

Mwenyekiti wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na mpwa aliyetoka kupata leseni. Mbele ya kamati alisema kila mtu anajua lori hili limekuwa likilishwa, na rejeta si chungu cha ugali. Limekabwa na uji. Fundi ameitwa kutoka Tabora. Akikuta chakula ndani, dereva atakabidhi ufunguo siku hiyohiyo, mpwa ashike usukani. Watu wakamtazama Baba. Baba aliyeweza kubishana hata na tairi lililopasuka, akaangalia viatu vyake. Nilishangaa. Bibi naye, aliyekaa miongoni mwa kina mama, aliendelea kuchambua mboga zake kana kwamba wanazungumza habari za Kigoma.

Fundi Nassoro alitoka Chemchem, mjini Tabora, katika zile koo za Waarabu waliofanya biashara hapo vizazi na vizazi. Alikuja na gari moshi, kisha trekta, amepakata kikapu, na ndani ya kikapu, imeviringishwa kwenye shuka kama mtoto mchanga, pampu ya maji. Vipuri vilikuwa adimu siku zile. Hiyo aliitoa kwenye lori lililokufa, akaifanyia matengenezo mwenyewe. Alivua kanzu, akaitundika kwenye kioo cha pembeni, akabaki na kofia na ovaroli iliyokuwa chini yake. Akanipa bakuli nimshikie nati.

Alifungua koki ya rejeta kwanza, maji ya mwisho yakatoka. Akalegeza mkanda, akashusha feni, akaanza kufungua nati za pampu moja moja, na mimi, kwa majivuno ya cheo changu, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba yuko na mtu muhimu: ndiye mimi ninayepeleka chakula cha gari hili.

“Chakula gani?”

“Mayai, shikamoo, na matobolwa.” Ndiyo, salamu niliikumbuka katikati ya jibu.

“Marahaba. Mayai mabichi?”

“Ya kuchemsha. Na chumvi pembeni, kwenye karatasi.”

Spana ikasimama. Alimtazama Baba, aliyekuwa upande wa pili wa injini. Baba akaanza kusugua kwa tambara kipande cha chuma kilichokwisha kung'aa zamani.

“Wallahi,” Fundi Nassoro akasema taratibu, “gari hili limelelewa.” Akaendelea na nati zake.

Pampu mpya ilikaa mahali pake juu ya karatasi ngumu ya boksi aliyoikata kwa mkasi na kuipaka grisi, maji yasipenye. Alikaza huku kidogo, akaenda upande wa pili akakaza kidogo, hakuna nati iliyoonewa. Mwenyekiti hakuweza kuvumilia. Alikuja kuuliza kama ameuona unga. Fundi akamjibu tusubiri, maji yenyewe yatasema.

Ili kusafisha mfumo mzima ilihitajika nguvu ya maji, na kijiji hakikuwa na bomba. Fundi akaagiza pipa lipandishwe juu ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, ndilo jengo refu tulilokuwa nalo, refu kuliko mnara wowote wa dunia hii. Kina mama wakajaza pipa ndoo kwa ndoo. Mpira ukashushwa hadi tundu la chini la rejeta, maji yasukume kinyumenyume kutoka chini kwenda juu, kama unavyompiga mgongo mtoto aliyepaliwa. Bibi alileta kigoda chake, akakaa mbele kabisa.

Maji yalipotoka yalikuwa mazito, mekundu kama mchuzi wa maharage. Watu wakaguna. Mwenyekiti akachota kwenye kiganja, akayasugua kati ya vidole kutafuta unga, akayanusa. Bado hakuridhika. Akaonja.

“Kutu,” alisema hatimaye, akatema.

Yakafuata magamba ya kutu, kisha matope ya madimbwi aliyokuwa akichota Maganga njiani, kisha jani moja lililooza. Maji yakaendelea kumwagwa, yakawa rangi ya chai, yakawa rangi ya chai ya watu maskini, mwisho yakatoka meupe, ungeweza kumpa mgeni. Sikuona unga. Sikuona yai. Fundi Nassoro akaosha injini upande wake kwa njia ileile, kisha akainua pampu ya zamani na kuichezesha mhimili wake mbele ya kamati, ukalia kokoto.

“Hiki ndicho kilichochoka, Mwenyekiti. Kimezunguka mpaka kimelika. Dereva hana kosa, ila utingo aache kulinywesha matope.”

Maji safi yakajazwa, injini ikawashwa. Tukasubiri ipate moto, kijiji kizima tukitazama chini ya feni. Halikudondoka tone. Mwenyekiti akachukua ufunguo wa ghala, akasema mbona watu wamesimama, tumbaku ipakiwe. Mpwa wake ndiye aliyebeba robota ya kwanza.

Lilipokuwa tayari kuondoka, Bibi akanipa kifurushi. Nikakipeleka mbele ya watu wote, kifua mbele. Baba akasita, mikono haikujua iende wapi.

“Pokea, dereva,” Fundi Nassoro akamwambia, akivaa kanzu yake. “Litakwama njiani.”

Baba akapokea. Tumbaku ikafika Urambo kavu. Nami nikahitimisha, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba lori letu lina tumbo zuri kuliko la mwanadamu: linakula, na haliachi hata chembe.

Miaka ikapita. Baba akatangulia mbele ya haki. Mimi nikajiunga na masomo ya usiku, na jioni moja mwalimu akatufundisha jinsi injini inavyopozwa. Nikaelewa yote: pampu inasukuma, rejeta inapoza, maji yanazunguka. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa elimu, nikamkuta Bibi amezeeka sana, anabangua karanga. Nikaona ni wajibu wangu kumtoa gizani. Nikamchorea rejeta mchangani, nikamwonyesha mipira na feni, nikamweleza kwa upole kwamba gari halili, na kwamba mayai yake yote ya mwaka ule wa njaa yalipotea bure, pengine tumboni mwa Maganga. Aliniacha nimalize. Akapuliza maganda ya karanga kwenye kiganja.

“Gari halili, mjukuu wangu,” akasema. “Hilo nililijua kabla hujazaliwa. Mwaka ule kila nilichompa baba yako alikirudisha kwenye sahani yenu. Ndipo nikasema ni cha gari. Kitambaa kilikuwa kinarudi na maganda ya mayai ndani. Nikiyaona, nalala.”