Mashine Ndogo ya Kitale

Watu wakiona blanketi la viraka wanasifu mshono. Ai! Mshono ni mchezo. Kazi yenyewe iko kwenye kukata. Blanketi moja la kitanda kikubwa linameza mamia ya vipande vya kitenge, miraba na pembe tatu, na vyote lazima vitoshane. Kimoja kikizidi kidogo tu, ukifika mstari wa mwisho blanketi zima limepinda, na mwenye harusi aliyeliagiza anakutazama kama umemwibia. Mimi nilivikata vyote kwa mkasi. Nilikata miaka na miaka, hadi kidole gumba cha mkono wa kulia kikavimba kifundoni, na asubuhi kikawa hakikunjiki mpaka nikitumbukize kwenye maji ya moto.

Nilikuwa nimeolewa Bokoli, na nilikaa Bokoli. Nasema hivyo kwa sababu bwana yangu hakukaa. Yeye alikuwa karani wa serikali Kitale, amepanga chumba huko, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi na mkate, sukari na hadithi za ofisini. Mimi nilibaki kwa wakwe zangu, nalima, nakamua, napikia watu, na jioni nakata vitambaa vya kikundi cha akina mama wa kanisa ambacho mwenyekiti wake alikuwa mama mkwe. Si kwamba mama mkwe alikuwa mbaya. Alinipenda. Alinipenda vile mtu anapenda jembe lililomzoea mkono, na jembe kama hilo huwezi kumwazima mtu. Nikisema nataka hata kwenda kulala kwetu Malakisi siku mbili, alikuwa akiniuliza kwa upole kabisa, "Na ng'ombe, mama?"

Kila nilipoleta habari ya kuhamia Kitale, bwana yangu alikuwa na jibu lile lile. "Mama mtoto, huko hata mboga ya sukuma ni ya kununua. Utakuja ukae ukiangalia ukuta? Tafuta kazi ya kubeba, kazi inaingia kwa begi. Ukiipata, mimi mwenyewe nakuja kukuchukua."

Mimi nikaamini. Cherehani yangu ilikuwa ya mkono, hiyo ingebebeka. Kilichonishinda ni kukata, kwa sababu kwa mkasi na kidole kile nisingeweza kulisha hata paka mjini. Msichana wetu alikuwa ameanza kumwita babu yake "baba", na baba yake mwenyewe alimwita "yule wa mkate". Watu walicheka. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Basi siku moja bwana yangu akaja na habari. Kitale kulikuwa na mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa, na dada yake, aliyekuwa mshonaji wa mablanketi kama sisi, alikuwa amehamia ng'ambo akaacha mashine mbili za kukata. Si mkasi, si kisu. Unaweka kitambaa, unazungusha au unakandamiza, kinatoka mraba kamili! Mmoja wa wazee wa nyumbani akasema huo ni uongo wa mjini. Lakini mzee, yaani baba mkwe, alikuwa amelipwa pesa ya miwa, na alikuwa ameona kidole changu. Kwa kinywa cha mama mkwe akaniletea neno: twende Kitale nichague moja, atanunua yeye.

Hapo lazima nieleze kitu, la sivyo hutaelewa yaliyotokea. Kwetu, mke wa kijana na baba mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hamshikani mikono. Hamli meza moja. Ukimpa kitu, unakiweka kwenye kiti, unaondoka, ndipo anakichukua. Siku hizo nyumba nyingi zilikuwa zimeshalegeza, hasa kwa kusalimiana, lakini si ya mzee. Tangu niingie boma lile, mzee hakuwahi kunisemesha neno lolote moja kwa moja, wala mimi yeye. Akitaka kujua kama ng'ombe amezaa na tuko peke yetu uani, alikuwa anauliza hewa: "Sijui kama huyu ng'ombe amezaa." Na mimi namjibu mtoto: "Mwambie babu bado." Mtoto mwenyewe amelala mgongoni. Tulizoea. Hata ilikuwa na raha yake, kwa sababu mzee hangeweza kunigombeza.

Tulienda na pikap yake. Mbele alikaa yeye peke yake, kiti cha pili kikiwa na kofia yake, na mimi nyuma kwenye turubai, nimejifunga leso kichwani kwa sababu ya vumbi na baridi. Sikujali baridi. Njia nzima nilikuwa napanga chumba cha Kitale: kitanda kule, cherehani dirishani, mashine chini ya kitanda.

Bwana yangu alitupokea mlangoni mwa duka. Mama mwenye duka alikuwa amezaliwa papo hapo Kitale, na Kiswahili chake cha sokoni kilikuwa chepesi kuliko changu. "Karibu mama, karibu mzee, mashine iko huku nyuma." Mzee akasimama kando ya mapazia, uso kwa barabara, kama heshima inavyotaka. Bwana yangu akasimama katikati yetu, mpeleka maneno. Mimi nikaingia ndani kuangalia mali.

Ile kubwa ilikuwa ya chuma kitupu, na mkono mrefu wa kuvuta chini, aina ambayo fundi wa viatu anatumia kukata soli. Imetulia hapo imekaa mezani na meza yenyewe imeinama. Ndogo ilikuwa na miguu ya kukunja, rola mbili na kishikio cha kuzungusha pembeni. Niliiinua kwa mkono mmoja. Wacha moyo udunde!

Mashine peke yake ni bure, kinachokata ni kibao. Ni ubao uliopandwa nyembe za chuma zilizopindwa kwa umbo unalotaka, na juu yake sponji inayoficha makali. Unatandaza kitambaa juu ya sponji, unafunika na plastiki ngumu, unapitisha kwenye rola, sponji inabonyea, nyembe zinatokeza na kukata. Mama mwenye duka alinipa kipande cha kitenge nijaribu. Nilikikunja mara nne, nikazungusha. Ikalia kidogo. Nilipofunua, miraba ilikuwa imelala hapo, yote sawa, kona kali. Nilishika mdomo.

"Si unaona," akasema mama mwenye duka. "Lakini usilaze kitambaa vile unataka. Laza kwa uzi wake mrefu, uende na rola. Ukikosea kinavutika, pembe tatu inatoka na mkia."

Nikaanza kuchagua vibao, na sijawahi kuwa na furaha ile dukani. Nilichukua mraba wa inchi nne, ambao kwa kweli unakata nne na nusu kwa sababu umeshaweka nafasi ya mshono pande zote. Nikachukua pembe tatu inayotoshana na mraba huo, na si ile nyingine nzuri ya macho isiyotoshana na kitu. Nikachukua na kibao cha vipande virefu vya ukingo. Ua niliacha, ndege niliacha. Akina mama wa kikundi wangependa ndege, lakini ndege anapamba tu, hajengi blanketi. Vibao vya ndogo ni vyembamba, na vya kubwa ni vinene mara tatu yake. Haviingiliani, ukichagua mashine umechagua na vibao vyake. Nilivipanga vyembamba vyangu mkononi mwa kushoto, vikanitosha kama vitabu vya shule.

Mzee akakohoa kule kwenye mapazia. "Sijui kama wamechagua," akaambia barabara.

Nikamwambia bwana yangu, kwa sauti ya kawaida, "Mwambie mzee nimechagua ndogo. Inakata polepole lakini inatosha. Na inabebeka."

Bwana yangu akamgeukia baba yake. Kulikuwa na hatua tatu hivi kati yetu, na masikio ninayo. Akasema, "Baba, anasema kubwa ni sawa."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikamwangalia mgongo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, mstari wa mkono umenyooka, na nakumbuka nilijiuliza ni nani anayempigia pasi. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kubwa ni mashine ya maana. Tutaijengea meza ya simiti pale ghalani."

Nikashikwa na hasira. Lakini nifanye nini? Nimpigie mzee kelele dukani, mimi ambaye sijawahi hata kumwambia shikamoo? Nimwite mume wangu mwongo mbele ya baba yake? Maneno yangu yote yalikuwa na mlango mmoja wa kupitia, na mlango wenyewe ndio huo umevaa shati la pasi. Nikabaki hapo na vibao vyangu.

Mama mwenye duka hakuwa na ukwe na mtu. "Ati kubwa?" akasema. "Hapana, mzee. Huyu mama amesema ndogo. Mimi nimesikia. Anasema ndogo, ya kubeba."

Bwana yangu akaanza kusugua meza kwa kidole. Mzee hakugeuka. Akiwa bado anaangalia watu wakipita nje, akaanza kusema taratibu, na alimwambia mama mwenye duka, lakini alitaka mimi nisikie kila neno.

"Mama, mimi nilikuwa nataka kununua ndogo. Nilijua wanataka kukaa pamoja huku, na ni haki yao. Lakini huyu kijana yangu alinipigia simu. Akaniambia bibi yake amebadilisha nia, ati hataki tena Kitale, amezoea nyumbani na mama mkwe wake. Akaniomba, baba, chukua ile kubwa, ya kukaa. Sasa nasikia ingine. Basi mwulize yeye mwenyewe anataka gani, na hiyo ndiyo nitalipia. Mimi sina shida."

Mama mwenye duka akanigeukia. Hakuwa na haja ya kurudia.

Nilimwangalia bwana yangu nikingoja aseme kitu. Aseme baba umenielewa vibaya. Aseme nilitania. Hata angedanganya tena, ningekubali. Aliniangalia mara moja, na sikuona aibu machoni pake, ile niliyotarajia. Niliona mtu anayeomba. Alikuwa ananiomba, bila kusema, nisiende kwake.

Wacha niseme ukweli, sijui mpaka leo kulikuwa na nini kwenye chumba kile. Pengine mwanamke, pengine madeni, pengine ukimya wake tu alioupenda. Sikuwahi kuuliza. Pale dukani nilichojua ni kwamba nilikuwa nimepewa ruhusa yote niliyoitafuta kwa miaka, mzee mwenyewe amenifungulia mlango kwa mkono wake, na ng'ambo ya mlango hakukuwa na mtu. Mashine ya kubeba ni nzuri ukiwa na mahali pa kuipeleka. Kwetu Malakisi kaka zangu walikuwa wameshagawana nyumba hadi jiko. Kitale nilikuwa nimesimama, na Kitale hainitaki.

Nilitamani kuitupa ile mashine ndogo barabarani. Nilitamani mzee aniseme, anikataze, ili nipate mtu wa kulaumu.

"Mwambie mzee," nikamwambia mama mwenye duka, "kubwa."

"Mama, una hakika?"

"Kubwa."

Nikarudisha vibao vyembamba kwenye rafu, mraba mahali pake, pembe tatu mahali pake. Nikaenda upande wa vile vinene, nikaanza kuchagua upya. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye sponji na nikawa nayafuta kwa leso kwa sababu chuma kinashika kutu. Nilichagua mraba wa inchi sita. Nilipofika kwenye ua na ndege, nikachukua vyote viwili, nafasi ya kuviweka nilikuwa nayo.

Mzee alilipa, akatoka kufungua mlango wa nyuma wa pikap. Bwana yangu akanisogelea, akawa na ile sauti yake ya mwisho wa mwezi. "Umechagua vizuri, mama mtoto. Nitakuwa nakuja mara kwa mara, bana."

"Beba," nikamwambia.

"Ai, hii si ya mtu mmoja. Ngoja niite vijana."

"Si wewe ndiye uliitaka? Beba."

Akavua saa akaiweka mfukoni, akaikumbatia ile mashine, akainua. Ilimpinda mgongo. Alipita nayo mlangoni kwa kujikokota, mshipa umesimama shingoni, shati limechafuka grisi kifuani, na mzee akimwangalia bila kumsaidia. Mama mwenye duka alitaka kushika upande mmoja, nikamzuia. Alipoipakia kwenye pikap, nilipanda nyuma, nikakaa kando ya mashine kwenye turubai, nikapiga bodi ya gari kwa kiganja kumwambia mzee twende.