Vidole Viwili vya Fundi wa Kariobangi

Kabla ya kupata leseni ya redio ya mawasiliano, pale Makongeni nilijulikana kama yule mtu wa simu za reli mwenye hasira za karibu. Baada ya leseni nikawa mtu wa waya. Antena yangu ilitoka dirishani kwetu, ikavuka ua mpaka kwenye mlingoti wa jirani, na akina mama hawakuona sababu ya waya mzuri namna ile kukaa bure. Niko katikati ya mazungumzo na mtu wa mbali, sauti inafifia, nachungulia nje: nepi! Nilifoka, nikachoka. Leo nawashukuru wale mama kwa kunivumilia na milio yangu ya alfajiri, lakini wakati ule shukrani ilikuwa mbali na mimi.

Chama chetu cha redio kilikuwa kidogo. Mwenyekiti alikuwa daktari mzee wa Kihindi, wengine walimu na mafundi wa ndege, na kutoka Eastlands, upande wa mitaa ya wafanyakazi, nilikuwa peke yangu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini tukaamua kujenga ripita. Redio zetu za mkononi zilikuwa dhaifu. Mtu wa Makongeni hakumsikia mwenzake wa ng'ambo ya mji. Ripita hukaa mlimani, hupokea sauti hiyo dhaifu kwenye wimbi moja na papo hapo huirusha kwa nguvu kwenye wimbi lingine. Taabu yake ni kwamba inasikiliza na kupiga kelele kwa wakati mmoja, kwa antena ile ile, na pasipo chujio inajiziba masikio yenyewe. Chujio lenyewe ni mabomba sita manene ya shaba, kila bomba na kijiti cha shaba ndani. Urefu wa kile kijiti ndio unaoamua wimbi gani lipite na lipi lizuiwe.

Kuagiza chujio ng'ambo kungechukua mwaka, na kibanda tulichoazimwa kule milima ya Ngong kilikuwa chetu hadi mwisho wa mwezi tu. Tusipoweka mtambo, anapewa mwingine. Watu wakainamisha vichwa. Mdomo wangu ukanitangulia, nikasimama: "Niachieni mimi. Nitalitengenezesha Kariobangi, kwa mafundi wa bati."

Mtu mmoja akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Daktari akanitazama, akasema, "Haya. Tumekuamini." Ningeshindwa, hawangesema fulani ameshindwa. Wangesema, si mnaona mambo ya Eastlands.

Fundi wangu alikuwa mzee kutoka kwetu magharibi, aliyetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Nilimpelekea mchoro. Akauzungusha mara tatu, akauliza, "Hii ni ya kupikia nini?" Nikamweleza. Akacheka, lakini wiki mbili alitafuta shaba, akaipata kwenye matangi ya maji moto ya majumba yaliyobomolewa, akaipinda na kuilehemu hata mshono ukawa hauonekani. Sijaona mkono kama ule tena.

Siku ya kuchukua nikatoa rula yangu. Mabomba, sawa. Vijiti, lo! Vyote sita vimezidi, kila kimoja kwa upana wa vidole viwili.

"Mzee, nilikuandikia sentimita hamsini!"

"Nimeona. Hizo za juu ni nyongeza. Wewe ni mtu wa nyumbani, nitakupimiaje kama mtu wa njiani?"

Nilipandwa na wazimu. Nilimwambia hii si sukuma wiki ya sokoni ya kuongezewa majani. Nilimwambia kazi ya sayansi haijui nyongeza, na mtu asiyejua kusoma kipimo abaki na masanduku yake. Nilisema kwa sauti, mbele ya wateja, mbele ya mafundi wenzake wa mstari mzima. Yeye akaokota nyundo akarudi kwenye bati lake, nami nikabeba mzigo wangu nikiona nimeonewa.

Nyumbani nikachukua msumeno, nikakata kijiti cha kwanza kikawa sentimita hamsini kamili. Nikakifunga ndani ya bomba, nikawasha mita ya kupimia wimbi. Hakuna kitu. Nikazungusha skrubu ya kurekebishia hadi ikagota. Wapi! Wimbi lilikuwa juu mno, maana yake kijiti ni kifupi. Nikarudia mchoro wangu mstari kwa mstari, na hapo jasho likanitoka. Kijiti kinapita kwenye kifuniko na kukazwa na nati kwa nje. Kile kipande kinachobaki nje sikukihesabu. Kosa lilikuwa langu, la mtu wa rula. Nikafunga kijiti cha pili vile vile alivyokileta mzee, na nyongeza yake. Mshale ukapanda, ukasimama mahali pake.

Kesho yake nilikwenda Kariobangi na kijiti nilichokikata na kile kipande chake. Nikamwinamia mzee sikioni: "Mzee, nisamehe. Nilikosea mimi."

Akavichukua vile vipande, akaviunga kwa pete ya shaba, akapiga tupa mpaka nikashindwa kuona maungio. Aliponirudishia ndipo aliposema. "Kunitukana ulipaza sauti. Msamaha unaninong'oneza." Aliyoyasema yalikuwa kweli tupu, nami niliona haya kuliko nilivyowahi kuona.

Jumamosi, siku moja kabla ya mwezi kwisha, wenzangu walipanda Ngong na mtambo. Mimi nilipewa kazi ya kuujaribu kutoka Eastlands. Ningeweza kusimama popote. Nilisimama mbele ya banda la mzee, redio mkononi, nikaomba kimoyomoyo. Saa nne ikapita. Saa tano kasoro, sauti ya daktari ikatoka, safi, kama mtu aliye chumba cha pili. Nyundo za jirani zikanyamaza moja moja, watu wakanizunguka.

Daktari alitaka kujua vile vijiti vilipimwaje hata vikakaa barabara namna ile. Wanachama wote walikuwa wakisikiliza, na kikohozi kile bila shaka kilikuwemo. Nikabonyeza kitufe.

"Vipimo vyangu vilikuwa na kosa," nikasema, na sikupunguza sauti. "Fundi wangu wa Kariobangi ndiye aliyetuokoa. Nilimtukana mbele ya watu, na nilimkosea. Mbele ya watu namwomba msamaha, na namshukuru."

Nikaachia kitufe. Mzee alikuwa ameketi juu ya sanduku, tupa magotini. Akapangusa kiganja kwenye suruali, akainuka akanipa mkono.

"Sasa nimesikia," akasema.