Dereva Wetu

Jana, kwenye mlima wa kutoka Makere, lori lililokuwa mbele yangu lilitoa harufu ya klachi iliyoungua. Nikamkumbuka baba.

Alikuwa mwalimu, na alilipenda mno gari lake kuukuu. Siku aliyonipeleka Kibondo kuanza shule ya bweni, jua lilikuwa kali. Kwenye mlima huohuo gia ziligoma kuingia, na pedali ya klachi ikazama bila kurudi.

"Mafuta ya klachi yamechemka, mwanangu. Tuyaache yapoe."

Alivua shati, akajilaza vumbini chini ya gari. Basi likasimama kando yetu, limejaa wasichana wa shule niliyokuwa naenda. Mmoja akachungulia dirishani.

"Huyo ni baba yako?"

"Hapana," nilisema. "Ni dereva wetu."

Basi lilipoondoka, baba alitoka, akajipangusa mikono taratibu. Akajaribu gia, ikaingia. Kisha akanifungulia mlango wa nyuma, nami nikaketi huko njia nzima nikitazama kisogo chake.

Getini, mbele ya wasichana walewale, alishusha sanduku langu.

"Haya, dada, usome vizuri," akasema.

Nikamjibu, "Asante, dereva."