Siku Walionililia Nikiwa Bombani

Nimewahi kufika kwenye matanga yangu mwenyewe nikiwa nimebeba maji.

Usicheke bado. Keti nikuhadithie.

Ilikuwa 1987, Sagalla, huku juu ya Voi. Mimi naitwa Wakio, na wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Nilikuwa nimetoka Nairobi kukatwa titi kwa sababu ya kansa. Daktari aliniambia nirudi Oktoba kuchomwa miale, lakini nikirudi nikiwa dhaifu vile, hawatanianzishia.

Na dhaifu nilikuwa, haki ya Mungu. Kuvaa leso tu nilikuwa napumzika katikati.

Shida ilikuwa usingizi. Miezi minne sikulala usiku wa maana. Mchana nalala lala, usiku macho kodo!

Mume wangu Makokha, Mluhya wa reli pale Voi, akanipeleka kwa Sista Elsie wa zahanati. Mama mfupi, mkali, miwani imefungwa kwa uzi.

"Kitandani unafanya nini?" akaniuliza.

"Kila kitu, Sista. Nakunywa chai, naombewa, wageni wanaketi miguuni."

"Basi mwili umesahau kitanda ni cha nini. Kuanzia leo ni cha kulala tu. Unaingia saa nne usiku, unatoka saa kumi na moja alfajiri, hata kama hujalala lepe. Usingizi usipokuja, toka, keti sebuleni, rudi ukisinzia. Mchana hakuna kulala. Na kila siku utembee mpaka bombani na kurudi, polepole."

"Sista, mimi nimechoka!"

"Ndiyo maana utembee. Kulala kutwa ndiko kunakukausha nguvu. Kuna kitu kingine kinakusumbua usiku?"

"Hakuna."

Hapo nilidanganya. Nitakuambia.

Siku tatu za kwanza nilikuwa mwizi wa kitanda. Makokha akitoka tu, mimi huyoo, ndani ya blanketi. Siku ya nne akanifuma nakoroma saa tano asubuhi.

Kesho yake nilipoenda bombani, akafungua kitanda, kile cha chuma, akakipakia kwenye mkokoteni pamoja na godoro, akakisukuma kwenda kukifungia stoo ya mahindi ya kaka yangu Silvanus.

Sasa sikiliza. Kwetu kitanda cha mgonjwa hakitolewi nje mwenyewe akiwa hai. Kikionekana kinatoka, watu wameshajua. Makokha wa watu angejulia wapi? Halafu alikuwa amebanwa kidole na kile chuma. Anasukuma mkokoteni, machozi yanamtiririka.

Aliyemwona ni jirani yangu Lois.

Basi!

Mimi huko bombani nimekuta foleni, nimepiga stori, sina habari. Nikarudi mdogo mdogo na kadumu kangu ka lita tano. Nafika nyumbani, uwanja umejaa. Akina mama wa kanisa wameshakuja na kuni, sufuria, maharagwe. Shemasi Zephaniah amesimama na Biblia. Nyimbo zinaimbwa za huzuni mpaka nami nikaanza kulia.

Nikajifunika leso kichwani, nikamuuliza mama mmoja nisiyemjua, mgeni wa kanisa aliyetoka kijiji cha Miasenyi.

"Mama, nani ametuacha?"

"Wakio, yule wa kansa. Maskini, alikuwa na roho nzuri. Ila kupika, wanasema alikuwa hajui kabisa."

Ati nini? Nani alisema?

Nikakatiza watu niende mbele. Hapo nikamkuta Lois amepiga magoti mlangoni pangu, analia kwa sauti ya kusikika Voi.

"Wakio dada yangu, nisamehe! Yule kuku wako wa madoadoa hakuliwa na kicheche! Ni mimi! Nilimpika Pasaka!"

Nikaweka kadumu chini.

"Lois! Kuku wangu?"

Wee! Lois aligeuka, akaniona, akarusha viatu. Sufuria zikalia kwa-kwa-kwa. Shemasi aliruka ua wa katani na suti yake nyeusi, na alikuwa mzee wa miaka sabini. Aliyebaki ni yule mama wa Miasenyi, ambaye hakuwa ananijua, akaniambia, "Wamekimbia nini hawa?"

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Makokha akatokea na kidole kimefungwa kitambaa. Alipoelewa alichofanya, aliketi chini kwenye vumbi akacheka na kulia pamoja.

Watu wakarudi mmoja mmoja. Shemasi alinigusa mkono kwanza. Na kwa kuwa maharagwe yalishaletwa, yakapikwa! Niliwatembezea watu chai mimi mwenyewe. Nilichoka siku hiyo, lakini uchovu mtamu, ule wa mtu aliyefanya kazi.

Saa nne Makokha akarudisha kitanda. Nikapanda.

Sasa ule uongo. Nilichomficha Sista, nikamficha hata mume wangu, ni kwamba nilikuwa naogopa kulala. Niliamini nikifumba macho, sitaamka. Kila usiku nilijilinda.

Usiku ule nikajiambia: Wakio, matanga yako umeyaona. Wamekuimba, wamekulilia, mpaka kuku wako amekiriwa. Na bado umekunywa chai. Unalinda nini tena?

Sikumaliza hilo wazo.

Kufungua macho, jua limeingia dirishani. Saa moja asubuhi! Makokha ameketi sakafuni karibu nami, macho mekundu.

"Mbona hukuniamsha saa kumi na moja?"

"Nilitaka," akasema. "Nikakusikia unakoroma. Nikashindwa, mama."

Kumbe hata yeye miezi ile yote alikuwa halali. Alikuwa anasikiliza kama napumua.

Sista Elsie hakuonea huruma mtu. Alimgombeza Makokha kama mtoto: saa ya kuamka ni saa ya kuamka! Nilipomwambia ile hofu yangu, akavua miwani akanishika mkono. "Hiyo ndiyo nilikuwa naiuliza," akasema.

Si kwamba nililala kila usiku tangu hapo. Zipo siku niliketi sebuleni nikihesabu mabati. Lakini wiki ya tano nilikuwa napanda kutoka bombani bila kupumzika, na Oktoba nilishuka kwenye treni Nairobi nimebeba kikapu changu mwenyewe. Wakanianzishia miale.

Kansa ilipigwa na hospitali. Kulala ndiko kulinifikisha huko.

Una mgonjwa nyumbani? Usimkusanyie wageni kitandani. Mpe kazi ndogo ya kumtoa nje. Na akikuambia hakuna kinachomsumbua usiku, usimwamini, muulize tena.

Lois alinilipa kuku. Jogoo, mzee, mgumu kama kiatu.

Nilimpika mwenyewe nikamwalika Lois. Alikula akamaliza, akaniambia ni kweli, kupika sijui.